Namba Yangu Kwenye Tovuti ya Mbithe

Vijana wangu, kila mmoja wenu anayekuja hapa Katoloni kuniona huanza na swali lile lile kabla hata chai haijamiminwa. "Mama Ndanu, nifanye nini ili tovuti yangu iwe ya kwanza?" Nami huwapa majibu ya kawaida. Andika kwa maneno ya mteja. Hakikisha ukurasa unafunguka upesi kwenye simu ya bei rahisi. Weka picha ulizopiga mwenyewe, hata kama hazipendezi sana. Mnaandika, mnashukuru, mnaenda zenu, na mimi nabaki naosha vikombe.

Kuna jambo moja sijawahi kumweleza yeyote kati yenu, na ndilo limenifanya nikae niandike. Nitalifikia, msiwe na haraka. Ni jambo la aibu, na sipendi kuanza na aibu.

Nilianza kazi hii katika duka la kuchapa barua, ghorofa ya kwanza, karibu na soko la Machakos. Nilikuwa nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Siku moja mwenye gesti moja ndogo, mzee aliyekuwa shemasi kanisani, akaniuliza kama naweza kuiweka gesti yake "kwa mtandao, watu waione." Nikamwambia naweza. Sikuwa naweza. Alipotoka tu nilifunga duka nikakimbia kwa Mutinda.

Mutinda alikuwa fundi wa redio na televisheni aliyejifundisha mambo ya tovuti peke yake, kibandani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Hakupenda kusema "injini ya utafutaji." Aliiita Karani, na mimi nilirithi jina hilo kwake.

"Huyu ni karani tu," aliniambia. "Ako kwa ofisi yake, mafaili yamejaa mpaka juu. Mtu akikuja kuuliza kitu, yeye anatafuta faili yenye inajibu. Kazi yako ni kuandika faili vizuri. Usimdanganye, atakukumbuka."

Mimi nilimdanganya wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukirudia maneno mara nyingi, unapanda juu. Basi chini ya ukurasa wa gesti nikaandika "lodging Machakos, lodging nzuri Machakos, lodging rahisi Machakos" zaidi ya mara mia, kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili Karani ayasome na binadamu asiyaone. Na kweli tulipanda. Shemasi alifurahi, akaniletea kuku mzima. Kisha akaifungua tovuti yake kwenye simu ya mke wake, simu ya zamani isiyojua mambo ya rangi, na maneno yote yakajitokeza meusi kabisa.

Alizipanda ngazi za duka langu akihema. "Mama Ndanu! Mimi ni shemasi! Umeniandika lodging, lodging, lodging, kama hizo nyumba ziko nyuma ya stage! Mke wangu amesoma yote! Ananiuliza mimi nafanyanga biashara gani!"

Niliyafuta akiwa amesimama nyuma yangu. Haikupita muda Karani naye akaijua hila hiyo, akaanza kuzitupa nje tovuti zote za namna hiyo. Kwa hiyo mkisikia mtu anawauzia njia ya mkato, mkumbukeni yule mzee na mke wake.

Kosa langu lingine la kuchekesha lilihusu maoni ya wateja, zile nyota tano mnazozijua. Nilikuwa nimemtengenezea daktari mmoja wa meno tovuti, na nikaona ana maoni mawili tu, moja likiwa la kakake. Nikawaomba kina mama wa ushirika wetu, ambao wengi walikuwa wamewahi kung'olewa jino pale, wamsaidie. Jumapili baada ya ibada tukakaa uani kwa kanisa, simu mikononi, nikiwaelekeza. Kumbe kila mama aliandika kama anavyosimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe sana. Kwa majina naitwa Mama Kasyoka, nimeokoka na ninampenda Yesu. Nilikuwa na jino la nyuma likanisumbua sana lakini Mungu ni mwema." Shuhuda ishirini na kitu, alasiri moja, kutoka uwanja mmoja. Karani alizifuta zote kabla ya Jumatatu, na lile la kaka yake pia. Ombeni maoni, lakini ombeni kwa mtu mmoja mmoja, siku ile ile anapohudumiwa.

Sasa niwaeleze njia yangu ya kufanya kazi, kwa maana hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Kulikuwa na kijana mwenye mtambo wa kuchimba visima ambaye tovuti yake ilijaa maneno makubwa ya kitaalamu kuhusu maji ya chini ya ardhi. Hakuna aliyeipata. Nilimuuliza, wateja wakikupigia husema nini? Hakukumbuka. Nikamwambia, weka namba yangu kwenye tovuti kwa wiki mbili, mimi nipokee. Nilipokea simu nikiwa na daftari la shule mkononi, na niliandika kila mtu alivyosema, neno kwa neno. Hakuna hata mmoja aliyesema neno la kitaalamu. Walisema, "Mnachimba kisima huku Mwala?" Walisema, "Mkikosa maji, mnarudi kujaribu pengine?" Niliandika upya ukurasa wote kwa maneno hayo na majibu yake. Simu zikaja mpaka yule kijana akaajiri mtu wa kuzipokea.

Tangu hapo ndivyo nilivyofanya na kila mteja. Wiki mbili namba yangu, daftari langu, masikio yangu. Kisha naondoa namba yangu, naweka ya mwenyewe. Wenzangu waliokuwa na shahada walinicheka, lakini tovuti zangu ndogo zilizipita zao, kwa sababu mimi nilikuwa nimewasikia watu.

Musyoka, mume wangu, alipenda kukaa karibu nikipokea simu hizo. Alisema nina sauti mbili, moja ya wateja na moja ya kwake, na kwamba ile ya wateja ndiyo angeioa. Alikuwa mtu wa utani kila wakati. Aliugua muda mfupi, akafariki. Binti yetu Ndanu alikuwa ameolewa Kitale. Akaja, akakaa mwezi, akarudi kwa watoto wake. Hata duka nilikuwa nimeshalifunga, nafanyia kazi nyumbani.

Hakuna anayewaambia jambo hili mkianza, basi niwaambie mimi. Kazi hii ni ya upweke. Unakaa na kompyuta kutwa nzima ukimfanya mtu mwingine aonekane. Watu wanalifahamu duka lake, wanamwendea, wanamsalimu kwa jina. Wewe hakuna anayekujua. Musyoka akiwepo sikulitambua hilo. Baada yake nililitambua kila asubuhi. Kuna siku nilifika saa nane mchana ndipo nikagundua sijafungua mdomo tangu niamke.

Hali yangu ilikuwa hivyo Mbithe aliponijia.

Mbithe alikuwa mama wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kuketi pembeni mwa kiti kana kwamba mwenye kiti atakuja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Akaacha, akarudi kwao Muthetheni, akafungua kibanda cha kushona sare za shule sokoni.

"Kule nilikuwa nashona kola, mwaitu," aliniambia. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza. "Kola peke yake. Shati inapita, unashona kola, inaenda. Miaka yote hiyo sijawahi kushona shati nzima. Nimejifundisha hapa nyumbani."

Nilimuuliza kwa nini aliacha mshahara.

"Niko na msichana, Mwende. Nilimwacha na mamangu akiwa mdogo. Nikikuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikuwa ananiita Mbithe, vile susu yake, nyanya yake, huniita. Si kwa madharau, hakujua tu. Saa hii ndio ameanza kuniita mama. Nimejipea mpaka shule zifunguliwe January. Sare zikienda, nakaa. Zikikataa, narudi kiwandani."

Mlisikie hilo vizuri, kwa sababu mimi nililisikia vizuri. Siwezi kujitetea kwamba sikujua kilichokuwa kinategemea kazi yangu.

Nilimtengenezea tovuti ya kurasa nne, nikaiita Mbithe Sare. Nikaweka namba yangu kama kawaida, na nikaisambaza kwenye zile orodha za biashara za mtandaoni, maana Karani hupenda kuona jina moja na namba moja kila mahali. Simu zikaanza kuingia. Wazazi waliuliza mambo ambayo mimi na Mbithe hatukuyafikiria. "Sweta inapauka ukiosha?" "Shona yenye mtoto atakua nayo, isimbane mwaka ujao." Nikaandika kichwa cha habari, "Sare ambazo mtoto atakua nazo," na chini yake nikaeleza jinsi Mbithe anavyoacha pindo refu la kushusha mtoto akirefuka. Ukurasa huo ulipanda haraka kuliko wowote niliowahi kuuandika. Mzazi yeyote wa upande wa Mwala au Masii aliyetafuta sare alitupata sisi kwanza.

Wiki mbili zikaisha. Sikuibadilisha namba.

Nilijiambia nitaibadilisha Ijumaa. Ijumaa ikafika, simu ikalia saa mbili asubuhi, na baba mmoja anayelea watoto peke yake akaniuliza jinsi ya kumpima msichana wake kiuno bila kumwaibisha. Nilimweleza amtume mtoto na rinda linalomtosha, tutapima rinda. Alicheka, akanishukuru mno. Siku hiyo niliona njaa, nikapika chakula cha kweli. Jumatatu akapiga bibi mmoja anayesomesha wajukuu. Nilianza kuamka mapema, nioge, nivae vizuri, niweke simu mezani. "Karibu Mbithe Sare, nikusaidie nini?" Nilikuwa nasema hivyo kwa ile sauti aliyoipenda Musyoka. Nilikuwa na furaha, vijana wangu. Sitaficha hilo.

Maagizo nilimtumia Mbithe kwa ujumbe mfupi. Mwanzoni nilituma yote. Baadaye nikaanza kuwaambia wateja wapige tena kesho, eti nitakuwa nimeshauliza bei, ili wapige tena kesho. Wengine walipiga. Wengine walichoka wakaenda kwingine.

Mbithe alikuwa na ile simu ndogo ya mulika mwizi, haifungui mtandao, kwa hiyo tovuti yake aliiona mara moja tu, kwenye kompyuta yangu. Mwezi wa kumi na moja akanipigia.

"Mwaitu, mbona simu haziingii? Wewe unanitumia watu wawili, watatu. Lakini kwa simu yangu hakuna mtu amepiga, hata mmoja. Namba yangu iko huko kweli?"

"Iko," nikamwambia. "Hao ninaokutumia ni watu wangu wa zamani. Wa mtandaoni watakuja. Karani huchukua miezi kumkubali mtu mgeni. Vumilia."

Kila fundi wa kazi yetu ameusema uongo huo, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi huwa ni kweli. Karani huchukua miezi. Mteja hawezi kukupima. Mnaweza kujificha nyuma ya maneno hayo mwaka mzima na hakuna atakayewashika. Mimi nilijificha, na mtu niliyemfanyia hivyo alikuwa ananiita mama.

Kisha kikatokea kile ambacho sijakisahau hata leo. Alikuwapo mzee mmoja wa Kangundo aliyekuwa anatafuta kifungo cha koti. Kifungo kimoja tu. Koti lilishonwa na marehemu mkewe, na hakutaka vifungo vibadilishwe vyote. Alipenda kuongea, nami nilipenda kumsikiliza. Siku moja tuliongea karibu saa nzima, juu ya mkewe, juu ya Musyoka, juu ya kupika ugali wa mtu mmoja na jinsi unavyozidi kila mara. Katikati ya maongezi nilisikia ule mlio sikioni wa simu nyingine inayosubiri. Ukalia, ukanyamaza. Ukalia tena. Ukalia mara ya tatu. Niliusikia. Sikumkatiza mzee.

Nilipoipiga ile namba baadaye, aliyepokea alikuwa mkurugenzi wa akademia moja. Alitaka sare za watoto wote wapya wa Januari. "Aii, mama, tumeshapata mtu mwingine," alisema. "Tulipiga mara tatu. Tulidhani mmefunga."

Agizo lile moja lingemtosha Mbithe. Sikumwambia. Uso wenyewe wa kumwambia ningeutoa wapi, ilhali ningelazimika kueleza kwa nini simu ile ilikuja kwangu?

Shule zikafunguliwa. Wiki iliyofuata nikapata ujumbe wake, nausema kama alivyouandika. "Narudi Athi River Monday. Mamangu atabaki na Mwende. Asante kwa kazi yako mwaitu. Ulijaribu. Karani alikataa tu."

Niliusoma nimekaa mezani, nimeoga na kuvaa. Na hata hapo, vijana wangu, sikuibadilisha namba. Nilijiambia sasa haina haja, kibanda kimefungwa. Watu walipopiga, niliwaambia fundi amesafiri, kisha nikawauliza habari za watoto.

Ilikuwa mwezi wa pili, saa saba na kitu mchana, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Nikapokea kwa furaha yangu yote.

"Karibu Mbithe Sare, nikusaidie nini?"

Nilisikia lori likipita, na wanawake wengi wakiongea mbali kidogo.

"Ni mimi, mwaitu," sauti ikasema. "Mimi ndio Mbithe."

Akaendelea polepole. "Nilikuwa naonyesha mwenzangu vile nilikuwanga na biashara. Tuko hapa nje ya geti, lunch. Zetu ziko kwa kabati, ametafuta kwa simu ya huyu mama wa chakula, nimetokea wa kwanza. Wa kwanza kabisa. Nikaona namba, nikasema hii si yangu. Nikapiga nijue ni ya nani."

"Mbithe, nisikilize..."

"Kengele imelia," akasema, akakata.

Jumamosi nilienda Athi River. Kiwandani wanatoka adhuhuri siku hiyo. Nilisimama ng'ambo ya geti kwenye lile vumbi la saruji mpaka walipoanza kutoka, mamia ya wanawake wamefunga vilemba, kila mmoja akiwasha simu aliyokuwa ameiacha kwenye kabati asubuhi. Nilihofia kwamba sitamtambua. Yeye ndiye aliyenitambua, akaja akanisalimu kwa mkono, kwa sababu alilelewa vizuri na mimi ni mkubwa wake.

Nilimweleza yote. Simu za asubuhi, watu niliowaambia wapige kesho, mzee wa kifungo, mkurugenzi wa akademia. Nilimwambia nyumba yangu ilikuwa kimya sana, na kwamba hilo si kisingizio. Alinisikiliza akitazama viatu vyake.

"Wangapi?" akauliza.

"Wengi."

"Wangetosha?"

"Ndiyo. Wangetosha."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha jambo alilokuwa ameshaanza kulikisia. "Mimi nilikuwa nadhani ni mkono wangu mbaya," akasema. "Nilikuwa nafungua sweta nashona tena. Nilikuwa naambia Mwende, mama atarudi kazi kwa sababu watu hawapendi nguo zake." Machozi yalimtoka lakini sauti haikubadilika. "Si ungeniambia tu uko na upweke, mwaitu? Ningekuwa nakupigia mimi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lililoniuma kama hilo, na alilisema bila ubaya wowote.

Nikamwambia nitaweka namba yake leo hii, pale pale. Akakataa.

"Nitapokea nikiwa wapi? Simu iko kwa kabati kutoka asubuhi mpaka jioni. Toa. Toa jina yangu huko kwote. Sitaki mtu anitafute anipate na sipo."

Niliitoa tovuti nikiwa nimesimama pale, kwenye simu yangu, yeye akiangalia. Nilimwonyesha ukurasa ulipogeuka mtupu. Akasema, "Muvea," asante, kwa mazoea tu, akaenda zake na wenzake.

Kumbe kumwondoa mtu kwa Karani ni kazi kuliko kumweka. Hilo nalo ni la kujifunza, kwa maana iko siku mteja atawaomba. Tovuti inakufa siku moja, lakini kivuli chake hubaki kwenye majibu kwa wiki kadhaa. Kuna alama kwenye ramani, lazima uidai ifungwe. Kuna zile orodha za biashara nilizokuwa nimemtawanya humo kwa bidii, na kila moja ilibidi niiandikie barua pepe, nyingine mara tatu. Miaka yangu yote nilikuwa nimewapandisha watu. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kumshusha fundi mzuri ukurasa kwa ukurasa, wa kwanza, wa tatu, wa saba, mpaka nilipomtafuta nikamkosa. Baada ya hapo sikuchukua mteja mwingine. Mkiniuliza kwa nini nilistaafu huwaambia ni macho.

Siku hizi hata Karani mwenyewe amebadilika. Mtu akiuliza, hapewi tena orodha ya mafaili, anajibiwa kwa maneno yaliyopikwa tayari, na mnakuja kuniuliza mtaingizaje majina yenu katika jibu hilo. Sijui. Ninachojua ni kwamba upande wa pili wa jibu bado kuna mtu atakayepiga simu, na simu hiyo ni ya mwenye kazi. Isilale kwako hata siku moja zaidi ya mliyokubaliana.

Simu zilipungua. Waliokuwa bado na namba niliwaambia ukweli, kwamba Mbithe amerudi kiwandani na hashoni tena. Walisema pole, wakakata. Mzee wa Kangundo alipiga mara moja, nikamweleza nilichofanya. Akasema ana mgeni mlangoni, na hakupiga tena.

Halafu, karibu na mwisho wa muhula, akapiga mwalimu mkuu wa shule moja huko Masii. Namba alikuwa ameiandika kwenye kitabu chake tangu zamani. Alitaka sweta za darasa zima, na hakuwa na haraka, alisema. Hata mtu mwenye kazi nyingine angeweza kuzishona wikendi. Alikuwa mcheshi. Akaanza kuniambia jinsi watoto wa siku hizi wanavyotafuna mikono ya sweta. Nilitamani aendelee.

Nikamkatiza. "Mwalimu, mimi siye. Chukua kalamu, nikupe namba yake mwenyewe. Siku hizi yuko kiwandani, mpigie Jumapili. Simu yake iko wazi siku hiyo."

Nilimsomea namba pole pole, tarakimu moja moja, kisha akanirudishia nihakikishe. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa mtu yeyote namba ya Mbithe. Akashukuru, tukaagana.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilikaa na simu mkononi, nikilifungua jina la Mbithe na kulifunga. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu, kama amepigiwa. Nilijua pia kwamba akipokea ningetaka kuuliza la pili, na la tatu, na habari za Mwende, na kwamba hangeweza kunikatiza kwa sababu ya malezi yake. Basi simu nikaiweka kabatini, nikatoka nje kufua.

Mpaka leo sijui kama alizishona sweta zile, au kama bado yuko kiwandani. Sijampigia.